Chupa ya maji ya kupulizia kabla ya kusukuma kiti

Kwa wenzangu mliopooza miguu na mnafanya mazoezi ya moyo na pumzi kwa kusukuma kiti mwendo hapa Dodoma: bebeni chupa ya kupulizia maji, ile ya saluni. Puliza usoni, shingoni, mikononi na kifuani kabla ya kuanza, kisha kila baada ya dakika tano hivi. Uti wa mgongo ukiumia, ngozi iliyo chini ya jeraha hutoa jasho kidogo au haitoi kabisa, kwa hiyo joto linalozalishwa na mikono halipati njia ya kutosha ya kutokea. Maji ya chupa yanashika nafasi ya jasho, na upepo wetu mkavu unayakausha upesi. Tangu nianze, zile dakika 20 mara mbili kwa wiki, kiwango cha chini kinachoshauriwa, nazimaliza bila kichwa kuwaka moto.

Usilowanishe mto wa kiti wala nguo ya makalioni, maana unyevu huleta vidonda. Futa viganja pia, visiteleze kwenye ringi za kusukumia.

Siku za unyevunyevu, Desemba hadi Machi, maji hayakauki upesi na hila hii haisaidii sana. Toka saa 12 asubuhi, au jifanyie mazoezi kivulini. Na kama jeraha lako liko pingili ya sita ya kifua au juu yake, kojoa kwanza, maana kibofu kilichojaa kinaweza kupandisha shinikizo la damu ghafla. Kichwa kikianza kugonga ghafla, acha kusukuma, kaa wima, kagua kibofu, na usipopata nafuu upesi nenda hospitali.