Somo: Kumzoesha paka mgeni mwenye woga

Paka anayejificha siku ya kwanza hajakuchukia. Amepoteza kwa mpigo harufu zote alizozijua, na harufu ndiyo inayomwambia kama yuko salama. Mpe eneo dogo alijaze harufu yake mwenyewe, halafu umwache aje.

1. Andaa chumba kimoja kabla hajafika

Chagua kisichopitwapitwa na watu. Funga madirisha, kisha ziba uvungu wa kitanda na nyuma ya kabati. Wengi huruka hatua hii, na hujuta: paka akishajibana katikati ya uvungu humfikii, hujui kama anaumwa, na ukimvuta kwa nguvu mnaanza upya. Badala yake mpe maficho unayoyamudu wewe, yaani boksi la katoni lenye matundu mawili ya sentimita 15 hadi 20. Mawili, kwa sababu paka mwoga haliamini shimo lisilo na mlango wa nyuma. Tandika kitambaa ndani na usikifue wiki za mwanzo.

Beseni la mchanga, yaani choo chake, likae kona ya mbali na chakula, kina cha mchanga sentimita 5 hivi. Tumia mchanga na chakula kilekile cha alikotoka. Kubadilisha chakula kunaweza kusubiri, na hata wakati huo changanya kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10.

2. Siku ya kwanza

Weka kreti (kasha alilosafirishwa nalo) sakafuni, mlango ukielekea boksi. Fungua, toka. Usimmwage nje wala usiwaite watoto waje kumwona. Huenda asitoke mpaka usiku, kwa hiyo asubuhi kagua bakuli na mchanga. Hivyo viwili vitakueleza mengi kuliko kumchungulia.

3. Kaa naye

Mara 3 au 4 kwa siku, dakika 15 hadi 20. Kaa chini, mpe ubavu, soma kitu kwa sauti ya chini. Usimkodolee macho. Akikutazama, fumba macho polepole, fumbua polepole, geuza uso. Akikufumbia naye, mmeanza kuelewana.

4. Bakuli linalosogea

Chagua kitu kimoja kitamu chenye harufu, kitoke ukiwepo tu. (Chakula chake cha kawaida kibaki palepale, hatumkomoi kwa njaa.) Kiweke mbali nawe kiasi ambacho anathubutu kula, tuseme mita 2. Kila siku kisogeze kwako sentimita 20 au 30. Akisita, rudi kwenye umbali wa jana. Kosa linaloharibu kazi ya wiki nzima ni kumdaka siku anayofika karibu na goti.

5. Kumgusa

Nyoosha kidole kimoja usawa wa pua yake, ngoja anuse. Akikisugua kwa shavu, mkune shavuni na kidevuni kwa sekunde 3, kisha acha. Akijisogeza, endelea. Tumbo, miguu na mkia bado. Mkia ukianza kupigapiga au masikio yakilala, umeshapitiliza.

6. Kufungua mlango

Subiri ale mbele yako, ajilambe bila wasiwasi, atembee mkia ukiwa juu. Fungua chumba kimoja kimoja, nyumba ikiwa kimya, na chake kibaki wazi cha kukimbilia. Nje asitoke kabla ya wiki 3, na mwoga sana apewe zaidi.

Maswali ya wanachama

Swali: Hajala tangu jana. Nisubiri mpaka lini?
Jibu: Saa 24 zikipita bila tonge, mpigie daktari wa mifugo, usifikishe 48. Paka asipokula, mafuta ya mwili hujazana kwenye ini mpaka lishindwe kufanya kazi, na mnene yuko hatarini zaidi. Mtoto wa paka hangojewi hata hizo 24. Wakati huohuo pasha chakula laini kiwe vuguvugu, harufu imfikie.

Swali: Analia usiku kucha.
Jibu: Mchezeshe kwa fimbo yenye uzi dakika 10 kabla hujalala, kisha mlishe. Uzi ufungie kabatini, maana akiumeza unaweza kumkata utumbo.

Swali: Anakojoa kitandani.
Jibu: Ondoa kifuniko cha beseni, acha mchanga wenye manukato, zoa uchafu mara 2 kwa siku. Usisafishie amonia, kwake inanuka kama mkojo. Lakini dume anayeingia beseni mara kwa mara na mkojo hautoki huenda njia imeziba. Hiyo ni dharura, mpeleke saa hiyohiyo.

Swali: Wiki ya pili hii, bado yumo bokseni.
Jibu: Anakula? Anatumia mchanga? Basi anaendelea vizuri. Wengine huchukua miezi. Ila jiulize kama kuna mtu humo ndani anayeinua boksi kila siku kumtazama.