Pedali moja kwenye foleni, mserereko barabara ikifunguka

Wenye magari ya umeme, jambo dogo. Kwenye foleni ya Ubungo kwenda Magomeni, washa mfumo wa pedali moja. Ukiachia pedali ya mafuta (jina tumeling'ang'ania, mafuta yenyewe hayapo), mota inageuka jenereta, gari linapunguza mwendo na umeme unarudi kwenye betri. Mguu hauhamihami, breki unaigusa kwa nadra.

Ila barabara ikiwa nyeupe, mfano Bagamoyo Road alfajiri, usiachie pedali kwa pupa. Umeme unaorudi haufikii ule uliotumia kupandisha mwendo, sehemu yake inapotea kama joto. Ukiona taa nyekundu kwa mbali, legeza mguu taratibu mpaka mshale wa nguvu kwenye dashibodi ukae sifuri, gari liserereke lenyewe. Kwangu hapo ndipo kilomita za ziada zilipotokea, si kwenye kukaba.

Halafu betri ikiwa imejaa 100%, umeme hauna pa kuingia. Nilichaji usiku kucha Kisarawe, asubuhi nateremka Pugu, naachia mguu, gari halikabi, linazidi kukimbia tu. Breki ya kawaida ipo, lakini moyo ulishanilipuka. Ukilala mlimani, chaji iishie 80 au 90%.

Na breki hizo zikanyage vizuri mara mojamoja. Diski zisizosuguliwa zinashika kutu, na kwa chumvi ya pwani yetu hazichelewi.