Namna ya Kuandika Uthibitisho kwa Induksheni

Mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta aliyezoea kuijaribu programu yake kwa mifano mitano au sita, akaridhika na kuendelea, huingia na mazoea hayo kwenye hisabati, na huko ndiko yanakomwangusha. Chukua n² − n + 41, ambayo mwanahisabati Leonhard Euler aliieleza mwaka 1772. Ukiweka n kuanzia 1 hadi 40, kila jibu ni namba tasa. Ukiweka 41 unapata 1,681, yaani 41 mara 41. Mifano arobaini imekubali, na kauli kwamba kila jibu ni namba tasa bado si kweli. Ndiyo maana tunatumia induksheni, yenye hatua mbili: unaonyesha kwamba kauli ni kweli mwanzoni, kisha kwamba ikiwa kweli kwa namba yoyote, ni kweli pia kwa inayofuata, na hivyo kwa zote.

Tuseme sasa programu yako inalinganisha kila jozi ya vipengele vya orodha mara moja tu, nawe unataka kuthibitisha kwamba orodha ya vipengele n huhitaji milinganisho n(n − 1)/2. Anza na orodha fupi kabisa: kipengele kimoja hakina cha kulinganishwa nacho, na kanuni nayo inatoa sifuri. Kisha chukulia kwamba kanuni ni kweli kwa orodha ya vipengele k, bila kuipa k thamani yoyote maalumu.

Hapa wengi hukimbilia kuandika k + 1 mahali pa n na kudhani wamemaliza, ilhali hiyo ni shabaha tu. Tua kwanza ujiulize: kikiongezwa kipengele kimoja, ni kazi gani mpya inayozuka? Kipengele hicho kigeni hulinganishwa na k vilivyotangulia, basi. Jumla mpya ni k(k − 1)/2 + k. Iandike k ya mwisho kama 2k/2, ujumlishe, na utapata (k² + k)/2, ambayo ni (k + 1)k/2: ndiyo kanuni ileile, n ikiwa k + 1.

Usiiruke hatua ya mwanzo kwa kuwa ni nyepesi. Kauli kwamba n = n + 1 hupita hatua ya pili bila kikwazo, kwani ukichukulia k = k + 1 na kuongeza 1 pande zote mbili, unapata k + 1 = k + 2. Inakwama mwanzoni tu, kwa sababu 1 si sawa na 2.

Kwa zoezi, thibitisha kwamba jumla ya namba 1 hadi n ni n(n + 1)/2, na kabla ya kugusa aljebra yoyote, eleza kwa maneno kinachoongezeka n inapopanda kwa moja.