Jinsi ya kuomba halmashauri iweke njia ya kiti mwendo kwenye jengo lake

Barua inayosema "jengo halifikiki, tunaomba mlishughulikie" hujibiwa kwa adabu kwamba imepokelewa na inafanyiwa kazi, kisha basi. Inayosogea ni ile yenye vipimo. Bila vipimo mhandisi hawezi kukadiria gharama, na bila gharama hakuna cha kuingiza kwenye bajeti.

Kwa hiyo kabla ya kuandika, nenda na futi kamba, simu ya kupigia picha na, ikiwezekana, mtu anayetumia kiti mwendo. Anayetembea kwa miguu hukiruka kizingiti bila hata kukiona.

Anza na kimo kutoka ardhini hadi sakafu ya mlangoni. Mteremko unaokubalika ni 1 kwa 12, yaani kila sentimita 1 ya kimo inadai sentimita 12 za urefu. Ngazi nne za sentimita 15 ni kimo cha sentimita 60, hivyo mteremko utakuwa wa mita 7.2. Ongeza tambarare ya mita 1.5 juu na nyingine chini, unafika mita 10.2. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: nafasi iliyopo ni mita nne, fundi anabana kila kitu humohumo, na anayepanda anahisi kiti kinataka kumwangusha chali. Nafasi ikiwa finyu, andika wazi kwamba njia ikunje kona na pale konani pawe na tambarare ya mita 1.5 kwa 1.5. Usiwaachie wabuni wenyewe. Taja pia vishikio pande zote mbili, kimo cha sentimita 85 hadi 95.

Mlango upime ukiwa wazi kabisa, kutoka uso wa mlango hadi fremu ya upande wa pili. Ukipima fremu kwa fremu utajidanganya. Uwazi uwe angalau sentimita 80. Chooni panahitajika duara la sentimita 150 la kugeuzia kiti, na mlango ufunguke kwa nje. Fungua uingie, usiridhike na kibandiko cha mlangoni. Mara nyingi ndani utakuta mafagio na makopo ya rangi.

Kuhusu sheria, sentensi moja inatosha: Ibara ya 9 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006 inazitaka nchi zilizouridhia zihakikishe majengo ya umma yanafikika. Ukijaza kurasa tatu za vifungu, faili litapelekwa kwa mwanasheria, na huko mafaili hulala.

Barua iende kwa mtendaji mkuu kupitia masjala, nakala kwa mhandisi, ustawi wa jamii na diwani. Usiondoke kabla nakala yako haijagongwa mhuri wenye tarehe na kuandikwa namba ya kumbukumbu. Ukiambiwa mwenye mhuri katoka kidogo, kaa umsubiri. Bila namba hiyo, ukirudi utaambiwa faili linatafutwa.

Ulizia mapema idara ya mipango inaanza lini kukusanya maombi ya bajeti. Ukichelewa, jibu ni "hakuna kifungu", yaani kazi hiyo haikutengewa fedha kwenye bajeti. Hapo geukia fungu la matengenezo ya kawaida, ambalo linaweza kubeba kazi ndogo: kuondoa kizingiti, kugeuza mlango wa choo, kushusha kipande cha kaunta.

Wakati huohuo peleka barua ya pili, fupi, ukiomba huduma za ghorofani zitolewe chini kwa miadi hadi jengo lirekebishwe. Usiichanganye na ile ya kwanza. Hii haihitaji mkandarasi, hivyo sababu za kuikalia ni chache.

Kazi ikiisha, omba kushiriki ukaguzi kabla mkandarasi hajalipwa fedha ya mwisho. Baada ya hapo simu zake hazipatikani. Mwagia maji mteremko uone kama vigae vinateleza. Kisha simama juu na ufungue mlango: ukifungukia nje na kumeza tambarare yote, anayetumia kiti mwendo atalazimika kurudi nyuma mteremkoni kila anapoufungua. Kasoro hizo ziandikwe kwenye fomu ya ukaguzi, na uombe nakala yake siku hiyohiyo.