Jinsi ya kumrekodi mzee aliyepitia kizuizini

Kijana aliyekuwa na miaka 18 Nairobi ilipozingirwa na wanajeshi wa serikali ya kikoloni wakiwasaka Mau Mau, wapiganaji wa uhuru, alfajiri ya 24 Aprili 1954 sasa ana miaka kama 90. Kama yuko kwenu, usingoje Desemba mkutane ushago. Nenda Jumamosi hii.

Mimi nilianza na guka wangu (babu, kwa Kikuyu), aliyekamatiwa mtaa wa Bahati katika msako huo. Baadaye majirani hapa Kayole wakaanza kuniita niwasaidie na wazee wao, na haya ndiyo ninayowaambia.

Kwanza soma. Mzee hapaswi kukufundisha Hali ya Hatari ilitangazwa lini (20 Oktoba 1952), wala kwamba watu wa msako ule walipelekwa Lang'ata kuchujwa, kisha kambi za kizuizini za Manyani na Mackinnon Road. Ukijua majina hayo, atakuona mtu anayestahili kuambiwa. Nyaraka za Taifa ziko Moi Avenue, na faili nyingi za wakati huo zimo humo. Ulizia pia nyumbani: mara nyingi kuna kipande cha zamani (kitambulisho cha enzi ya ukoloni) au karatasi ya kuachiliwa iliyokunjwa ndani ya Biblia. Mwekee mkononi kabla hujawasha kinasa sauti.

Kisha fikiria nani atakuwa chumbani. Familia nyingi zilikuwa na mtu kizuizini na mwingine homugadi, mlinzi wa upande wa wakoloni, wakati mwingine ndugu wa tumbo moja, na wajukuu wao wameoana. Mbele ya wakwe mzee atakupa hadithi fupi iliyonyooka, basi. Muulize mwenyewe anataka nani abaki. Nenda asubuhi baada ya chai, kabla hajachoka. Mweleze rekodi ni ya nani na nani atakayeisikiliza, na umwache akubali kwa maneno yake, kinasa kikiwa kimewashwa.

Sasa maswali, na hapa ndipo wengi huharibu. Wanauliza, "Guka, waliwatesa vipi?" Mzee anajibu, "Walitutesa sana," na mlango umefungwa. Acha mateso. Uliza vitu vidogo: Mlilala juu ya nini? Aliyelala kando yako alitoka wapi? Mlikula saa ngapi, na chakula kilitiwa ndani ya nini? Maji ya kunywa mlichota wapi?

Nilimuuliza guka walikaaje wakingoja zamu yao Lang'ata. Hakujibu. Aliinuka kwenye kigoda, akachutama sakafuni, akaweka mikono yote miwili juu ya kichwa, akaangalia chini. Alikuwa mzee wa magoti mabovu, lakini alikaa hivyo mpaka akamaliza kunieleza jinsi gakunia, mtu wa kuwatambua Mau Mau kwa siri, alivyopita mbele ya mstari, amevaa gunia lenye matundu mawili ya macho, akitikisa kichwa kwa huyu na kuinamisha kwa yule. Kutoka hapo alienda mwenyewe hadi Manyani, hadi ndoo za choo walizobebeshwa kichwani. Sikumuuliza hata moja kati ya hayo. Ukatili utakuja wenyewe. Kazi yako ni kumpa mzee mahali pa kusimama anapoutazama.

Na usiondoke na mateso peke yake. Uliza walivyopona. Guka alijifunza kusoma kizuizini. Mfungwa mwenzake aliyekuwa mwalimu alichora herufi mchangani kwa kijiti, na askari akikaribia walizifuta kwa mguu. Alinichorea G ya kwanza aliyoiandika, kwa kidole, juu ya meza. Waulize nani alikuwa na nyimbo, nani aligawa tumbaku, nani alimshika aliyetaka kukata tamaa. Hao ni watu halisi, na majina yao yanaweza kuwa hayamo mahali pengine popote. Waulize kazi pia: wengine wataonyesha kwa mikono jinsi walivyovunja mawe ya uwanja wa ndege wa Embakasi, uliofunguliwa 1958, ambao leo tunautumia bila kuwafikiria.

Kwa akina cucu, yaani bibi zetu, uliza kuhusu vijiji. Zaidi ya watu milioni moja walihamishiwa kwa nguvu katika vijiji vilivyozungukwa na handaki lenye miti iliyochongwa ncha, na waliochimba handaki hilo wengi wao walikuwa wanawake. Swali linalofungua mengi ni hili: "Cucu, mlipoenda kuchimba, nani alibaki na watoto?" Kuhusu unajisi, usiulize kamwe. Akianza mwenyewe, wanaume watoke, na umuulize kama anataka kinasa kizimwe. Akisema kizimwe, kizime na uendelee kumsikiliza.

Usimsahihishe tarehe. Akisema mvua kubwa, andika mvua kubwa. Mwaka utautafuta baadaye. Na faili ikimpinga, usiharakishe kuamini faili. Mahabusu 11 walipopigwa hadi kufa katika kambi ya Hola, 3 Machi 1959, maelezo ya kwanza ya serikali ya kikoloni yalikuwa kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Maboksi ya nyaraka za ukoloni yalifichwa Uingereza mpaka kesi ya wazee wetu dhidi ya serikali ya Uingereza ilipoyatoa mwaka 2011. Miaka miwili baadaye serikali ya Uingereza ilitamka kusikitishwa kwake na kukubali kuwalipa wadai 5,228. Hata mahakamani serikali hiyo haikupinga kwamba wazee waliofungua kesi waliteswa. Andika alichosema mzee, andika inachosema faili, uviache vyote viwili.

Saa moja na nusu inatosha kwa siku. Usikunje vitu na kuondoka akiwa bado Manyani. Mrudishe nyumbani: nani alimpokea alipoachiliwa, walimpikia nini, alikuta mti gani umekatwa. Kaeni, mle. Usiku huo mtu alale karibu naye, kwa sababu ndoto hurudi. Kesho yake piga simu, na usizungumzie rekodi.

Ukifika kwako, kabla ya kulala, ipe rekodi jina: jina la mzee, tarehe, mtaa, lugha. Hifadhi nakala mahali patatu, moja ikiwa nje ya simu yako. Andika maneno yake kwa lugha aliyoyasema, Kiswahili kifuate chini yake. Usiweke hata kipande mtandaoni kabla hajakisikia na kukubali; akitaka jina fulani liondolewe, liondoe. Halafu mrudie na nakala yake, pamoja na orodha ya majina ya wenzake aliowataja, mhakikishe tahajia mkiwa pamoja.