Kabureta au EFI kwenye gari ya mapenzi: somo kwa wenye vyuma vya zamani Mwanza

Wakuu salama? Kila nikipaki kikorola changu cha KE70 pale Nyegezi lazima atokee mtu aniulize kwanini sijakifunga EFI (mfumo wa umeme wa kupulizia petroli kwenye injini) mpaka leo, afu wiki hiyohiyo mwingine mwenye EFI ananiuliza kama anaweza kurudi kwenye kabureta (ile ya kizamani ya kuchanganya petroli na hewa) apumzike. Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Na nianze kwa kusema hili ni la gari ya mapenzi, ile unayoitoa jumamosi, unaiosha, unaizungusha mpaka Capri Point unapiga picha na mawe unairudisha ndani. Kama ni gari ya kutafutia ugali jibu ni EFI, tusipotezeane muda.

HATUA YA 1: Soma injini yako ilitoka na nini

Kwa Toyota ni rahisi, angalia herufi za mwisho baada ya kistari, E pale ni EFI. 4A-F ni kabureta, 4A-FE ni EFI, 3Y ni kabureta, 3Y-E ni EFI. Usichanganye na 2E, ile E iko kabla ya kistari ni jina la familia ya injini tu, ndo mana kuna 2E ya kabureta na watu wanabishana nayo gereji mchana kutwa. Kama kiwanda kilitoa injini yako kwa aina zote mbili, kuhama kunawezekana kwa kuchukua vitu vyote kwenye gari moja la kuchinja: manifoldi, distributa, waya zote, kontrol boksi (kompyuta ya injini), sensa, pampu. Nasema VYOTE. Ukianza kuokota sensa huku na waya kule utazeeka na hiyo gari.

HATUA YA 2: Hesabu siku inazosimama

Hapa ndo wengi hawafikirii. Kabureta ina bakuli la petroli, na lile bakuli lina tundu la kupumulia, kwahiyo gari ikisimama juani wiki mbili tatu petroli inaruka taratibu na kinachobaki chini ni ule utelezi wa kahawia kama gundi, unakaa kwenye vijitundu vya sailensa (injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta). Siku ukiwasha inawaka vizuri tu, ukiachia mafuta inazima, na ukikanyaga inakwenda, yaani ukisimama kwenye mataa inakuaibisha.

Mfumo wa EFI umezibwa, petroli haipati hewa hivyo. Ila kontrol boksi inakula chaji kidogokidogo hata swichi ikiwa imezimwa, na betri likiwa la kuungaunga utalikuta limekufa.

Dawa ya kabureta nimejifunza kwa wavuvi. Waangalie jamaa wa mitumbwi wanavyofanya na zile mashine za Yamaha kabla ya kuzipandisha juu, wanachomoa mpira wa mafuta wanaiacha iungurume mpaka ijizimie yenyewe, bakuli libaki kavu. Mimi nimeweka koki ndogo kwenye mpira kabla ya pampu. Jumapili jioni nafunga koki, naiacha kwenye sailensa, inaunguruma, inaanza kupiga misi, inazima. Tangu nianze hivyo sijafungua kabureta.

HATUA YA 3: Vua tenki uchungulie

Usinunue chochote kabla ya hili. Langu nilipolivua na kulitikisa lilitoa mlio kama debe lenye mchele, kumbe ni kutu. Kabureta yenye filta ya kuonekana itavumilia kutu kidogo, mbaya zaidi ile sindano ya boya (inayozuia mafuta bakuli likijaa) itakwama na petroli itafurika. EFI haina huruma, pampu inaumia, noza zinaziba. Afu tenki la gari ya kabureta mara nyingi halina kile kibakuli cha ndani kinachoshika mafuta karibu na pampu, kwahiyo ukiweka EFI na una robo tenki, ukikata kona kali pampu inavuta upepo na gari inakata nguvu. Lazima uongeze kibakuli au tenki dogo la pembeni, na mpira wa kurudisha mafuta.

HATUA YA 4: Nani ataishika?

Ngoja nisimulie. Mwaka juzi gari ilianza kuzima kwenye sailensa nikaipeleka gereji moja (siitaji) na fundi akaniambia jeti (kile kijitundu kinachopima petroli ndani ya kabureta) ni ndogo "haivuti", akachukua waya akaitanua. Nilifika nyumbani plagi nyeusi tii kama mkaa, wese linaisha huku unaona. Jeti ikishatanuliwa hairudi, unanunua nyingine.

Aliyeniokoa ni fundi wa mashine za mitumbwi kule Kirumba Mwaloni, katikati ya harufu ya dagaa. Hakuwa na haraka. Alifungua kabureta juu ya sinia, akapanga skrubu kwa mstari kama anapanga karata, akaitoa jeti ndogo akaishika kwa vidole viwili akaielekeza ziwani palipokuwa na mwanga. "Unaona jua?" Sikuona kitu. Akaipuliza dawa, akaiacha, akapuliza tena, akaniinulia. Nikaona nukta ya mwanga ndogo kuliko tundu la sindano. Hakuingiza waya hata mara moja.

Ninachotaka mshike ni kwamba Mwanza kabureta ina mafundi hata nje ya gereji za magari, kwenye mitumbwi na kwenye bodaboda. EFI inataka mtu mwenye mita ya umeme na anayejua kuitumia, wapo, ila muulize kwanza alishawahi kuifunga kwenye gari isiyokuwa nayo.

HATUA YA 5: Hali ya hapa kwetu

Tuko kama mita 1,140 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kama asilimia 10 hivi kuliko Dar, kwahiyo kabureta iliyosetiwa pwani hapa inazidisha mafuta kidogo kuliko hewa. EFI inajirekebisha yenyewe. Kwa upande mwingine ile sifa kubwa ya EFI ya kuwaka kwenye baridi kali huku haina kazi sana, choki naivuta asubuhi za mvua tu. Milima ndo kitu, ukipaki mkao mbaya pale Bugando boya linainama na mafuta yanaweza kuzidi.

Msimamo wangu: kama kabureta yako ni nzima na ni ya asili, baki nayo, tengeneza tenki na koki. Kama gari ilikuja na EFI usithubutu kuing'oa kisa sensa moja.

MASWALI

Swali (Igoma): Mkuu nimefunga pampu ya EFI kwenye injini ya 4K ya kabureta mana ile ya kizamani ilikufa, sasa petroli inamwagika juu ya injini. Boya bovu?

Jibu: ZIMA hiyo gari kaka, usiiwashe tena kabla hujaichomoa! Boya halina kosa. Kabureta inataka presha ndogo, kama bar 0.3 hivi, pampu ya EFI inasukuma bar 2.5 mpaka 3. Ile sindano haiwezi kuzuia. Tafuta pampu ya kwenye bloku kama ya mwanzo, au ya umeme ya presha ndogo.

Swali (Magu): Zile EFI za kubandika juu ya manifoldi badala ya kabureta vipi?

Jibu: Nyingi zimelenga injini kubwa za V8 za Marekani, kwenye 4K utachonga adapta, na bado utahitaji sensa ya oksijeni kwenye ekzosi, pampu ya presha na mpira wa kurudisha. Ukiwa na hela na subira fanya, usije ukaniita mimi lakini.

Swali (Pasiansi): Dada hapa, nina Corolla ya 4A-FE, taa ya injini inawaka, fundi anasema nirudi kabureta nipunguze gharama.

Jibu: Dada usikubali. Hizo za zamani zinajisema zenyewe bila mashine. Kwenye kile kiboksi cha plastiki ndani ya boneti unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, weka swichi on bila kuwasha injini, hesabu taa inavyokonyeza. Ikikonyeza mfululizo bila kupumzika hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikikonyeza mbili, ikapumzika kidogo, mbili tena, hiyo ni 22, sensa ya joto la maji. Kabla ya kununua sensa chomoa soketi yake uangalie kama kuna ukijani wa kutu, safisha, rudisha.

Swali (Pasiansi tena): Nimehesabu ni 22 kweli. Soketi ilikuwa imejaa matope.

Jibu: Haya, sasa toa fyuzi ya EFI dakika moja ili ifute kumbukumbu, rudisha, washa uniambie.