Somo: kujichoma insulini ya mchanganyiko nyumbani

Somo hili ni la wanaotumia insulini ya 70/30 (sehemu 70 za kazi ya muda mrefu zaidi, 30 za kazi ya haraka), ile ya kichupa yenye rangi ya maziwa. Dozi inapangwa kliniki.

1. Nawa mikono, pima sukari. Ikiwa chini ya 4 (mmol/L), usichome. Kunywa vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji nusu glasi, subiri dakika 15, pima tena.

2. Viringisha kichupa viganjani mara 10, kisha kipindue juu chini mara 10. Usikitikise, kitatoa povu. Watu wengi huiruka hatua hii, halafu wanashangaa sukari inavyopanda na kushuka ovyo: sehemu ya kazi ya muda mrefu zaidi hutuama chini, hivyo usipochanganya, kila siku unavuta kitu tofauti. Ukiona madonge, au chembe zimeganda kwenye kioo, tupa.

3. Soma bomba. Kwa kawaida, kwenye bomba la mililita 1 kila mstari ni yuniti 2. La nusu mililita, yuniti 1. Aliyezoea dogo akipewa kubwa na kuhesabu mistari tu, amejichoma dozi mara mbili.

4. Ingiza kichupani hewa sawa na dozi, pindua kichupa, vuta, gonga mapovu yatoke.

5. Choma tumboni, vidole vitatu kutoka kitovuni. Hesabu hadi 10 ndipo uchomoe. Kesho sogea vidole viwili. Penye uvimbe wa kuchoma pale pale hapaumi, ndiyo maana watu hupapenda, lakini dawa hainyonywi sawasawa. Kula baada ya nusu saa.

MASWALI

Sina friji, nifanyeje?
Weka chungu kidogo ndani ya kikubwa, katikati jaza mchanga uliolowa, funika kwa kitambaa kibichi, weka kivulini penye upepo. Kichupa kikae kwenye mfuko usiopitisha maji. Dodoma hupoza vizuri. Tanga au Dar, kwa unyevu ule, hupoza kidogo tu, kwa hiyo usirundike vichupa. Kilichofunguliwa kisizidi wiki 4.

Jirani kaniwekea kwenye friza, ikaganda. Ikiyeyuka je?
Imeharibika. Tupa.

Mama anatapika, hali chakula. Tuache sindano?
Msiache wenyewe, wala msimchome dozi nzima. Mpimeni, anywe maji kidogo kidogo, pigieni kliniki sasa hivi wawape dozi. Akishindwa kubakiza hata maji, akipumua haraka kwa kina au akichanganyikiwa, mpelekeni hospitali bila kusubiri simu.